Presha ya maji nyumbani: pima kwanza, pampu kubwa baadaye

Hii ni ya mtu anaishi Nairobi na shawa yake inatoa maji ya kudondoka tu, ama pampu yake inawaka inazima inawaka inazima usiku mzima, ama hita ya maji moto inavuja kwa kile kivalvu cha pembeni na hajui kama ni kawaida ama ni hatari. Kitu nasisitiza kwa kila mtu ni kwamba presha ya maji ni namba, inapimwa, na ukishajua namba ya nyumba yako hakuna mtu atakuuzia pampu ya hosi pawa moja na nusu wakati shida ilikuwa filta imejaa matope. Naona watu wakitumia pesa nyingi sana kwa hii mambo bila kupima hata mara moja na inaniuma, juu geji yenyewe, kile kipimo cha presha chenye mkono, ni kitu kidogo cha hadwea.

Tuanze na kimo juu kila kitu kinatoka hapo. Maji yakisimama kwa paipu, kila mita 10 ya kimo inakupa karibu bar 1 (bar ni kipimo cha presha), yaani kila mita moja ni bar 0.1. Sasa angalia nyumba ya kawaida, tangi iko kwa paa, chini ya tangi mpaka kichwa cha shawa ni kama mita 2, hiyo ni bar 0.2 peke yake, na shawa ya kawaida inataka angalau bar 1 ndio uoge vizuri. Kutoa tangi ya lita 1,000 na kuweka ya lita 2,000 hakuongezi presha, kunaongeza siku za maji, basi. Kuinua stendi kwa mita moja kunakupa bar 0.1 ingine, ambayo kwa instanti shawa inaweza kuwa ndio tofauti ya kuwaka na kutowaka, lakini kwa shawa kubwa ya mvua haitasaidia. Kitu kinasaidia sana kwa nyumba ya tangi bila pampu ni paipu nene: ile paipu inashuka kutoka kwa tangi ikiwa ya nusu inchi na inalisha bafu mbili na jikoni, mtu akifungua sinki wewe kwa shawa unabaki na uzi. Weka ya inchi moja kutoka kwa tangi mpaka ufike karibu na bafu, alafu ndio upunguze.

Hatua ya kwanza, jua nyumba yako ni ya aina gani. Fuata paipu na macho kutoka penye maji yanaingia mpaka kwa mfereji wa mwisho. Kuna nyumba za tangi ya juu peke yake, kuna za tangi ya chini na pampu inayosukuma moja kwa moja kwa nyumba, na kuna zile pampu inajaza tangi ya juu alafu maji yanashuka yenyewe (hapo pampu haina uhusiano wowote na presha ya shawa, hata uweke kubwa namna gani). Angalia pia maji moto yanatoka wapi, kama ni instanti shawa, hita ya tangi ya stima, ama sola, na kama ni sola ni ile ya presha ama ile ya wazi. Hiyo ya mwisho nitairudia juu ni ya maana sana.

Hatua ya pili, nunua geji. Ya 0 hadi 6 bar inatosha nyumba nyingi, na ile iko na glisirini ndani ni bora juu mkono wake hautetemeki pampu ikifanya kazi. Kwa maduka ya hadwea ya River Road na Kirinyaga Road utapata na kale kakiungo ka kuifunga kwa mfereji wa nje, zungushia tepu nyeupe ya nyuzi ukifuata upande wa kukaza. Kama geji inasoma psi usijali, bar 1 ni kama psi 14.5, na kama una gari tayari unajua psi 32 ya tairi ni nguvu gani, hiyo ni bar 2.2 hivi.

Soma mara mbili. Ya kwanza mifereji yote ikiwa imefungwa na hakuna choo kinajaza. Ya pili shawa ikiwa wazi kabisa, na uache geji palepale. Namba ya kwanza ikiwa chini hata kabla ufungue kitu, shida ni kimo ama pampu ama mpangilio wa swichi ya presha, ile inawasha na kuzima pampu. Lakini namba ya kwanza ikiwa nzuri, tuseme bar 2.5, alafu shawa ikifunguliwa inaporomoka mpaka 0.5, hapo kuna kitu kinabana njiani, na pampu mpya haitakitoa: getivalvu (ile vali ya kufunga laini) mtu alifungua nusu akasahau, filta imejaa, paipu ya zamani ya chuma imekula kutu ndani mpaka nafasi imebaki ya penseli. Na namba zote mbili zikiwa nzuri na bado shawa ni dhaifu, basi fungua kichwa cha shawa chenyewe uoshe vile vitundu, hapo hata fundi hahitajiki. Geji ikiwa chini na shawa iko gorofa ya juu, toa bar 0.1 kwa kila mita ya kupanda.

Namba nzuri ni gani? Kwa nyumba ya pampu mimi naona kati ya bar 1.5 na 3 inatosha kila kitu, mashini ya kufua, shawa, kila kitu. Juu ya bar 4 unaanza kuumiza nyumba bila faida, raba za mifereji zinaisha haraka, vile vipaipu vya kunyumbulika chini ya sinki vinapasuka ukiwa job, na maji yanagonga kwa ukuta ukifunga mfereji. Instanti shawa ndio za kuangalia zaidi juu zina raba nyembamba ndani, maji yakisukuma hiyo raba ndio inagusisha stima, kwa hivyo presha ikiwa kidogo sana haiwaki na ikiwa nyingi sana raba inachanika ama maji yanapita haraka na unaoga baridi. Namba za chini na za juu zimeandikwa kwa karatasi inakuja na boksi, isome kabla uiunganishe kwa laini ya pampu.

Sasa sehemu watu wanaruka na ndio inaokoa pampu: upepo wa presha tangi. Ile tangi ndogo, mara nyingi lita 24, nyekundu ama buluu, imekaa juu ama kando ya pampu, ndani iko na mpira. Upande mmoja wa mpira ni maji, upande wa pili ni upepo. Maji hayabanwi, upepo unabanwa, kwa hivyo ni huo upepo ndio unashikilia presha wakati pampu imezima. Upepo unatoka pole pole miezi ikienda, hata kama hakuna kitu kimeharibika, na ukipungua tangi inakosa nafasi ya kuweka maji, sasa ukifungua mfereji kidogo tu pampu inawaka, ukifunga inazima, mota inapata moto, swichi inaungua, alafu unaambiwa pampu ilikuwa feki.

Kuangalia ni hivi. Zima stima kwa breka, usizime tu kwa soketi kama soketi iko karibu na maji. Funga getivalvu iliyo kabla ya pampu, juu kama tangi kubwa iko juu kuliko pampu maji yataendelea kupita tu hata pampu ikiwa imezima. Fungua mfereji wa chini kabisa wa nyumba mpaka maji yaishe na geji isome sifuri, na uache huo mfereji wazi. Hii ya sifuri ni lazima, juu ukipima upepo na maji yakiwa bado yanasukuma mpira utasoma presha ya maji ukifikiria ni ya upepo. Nyuma ya tangi toa kakifuniko ka plastiki, ndani kuna vali sawa na ya tairi, bonyeza kidogo na kitu chembamba. Yakitoka maji, mpira umechanika, acha hapo, mpira mpya unauzwa peke yake na unabadilishwa kwa kufungua zile nati za mdomo wa tangi, hakikisha tu umebeba saizi ya lita na ya mdomo. Ukitoka upepo, pima na geji ya tairi.

Upepo unafaa uwe chini kidogo ya presha yenye pampu inawakia, kama bar 0.2 chini. Swichi nyingi za hizi pampu zinakuja zimewekwa kuwaka bar 1.4 na kuzima 2.8, basi upepo unataka bar 1.2, hiyo ni psi 17 na nusu hivi. Ongeza na pampu ya baiskeli ama ya mguu. Usibebe hiyo tangi kwa mtu wa pancha akuwekee na kompresa bila kusimama hapo ukiangalia, lita 24 zinajaa haraka sana na mpira unachanika.

Ukimaliza funga mfereji, fungua getivalvu, washa stima, acha pampu ijaze mpaka izime. Alafu fanya hii jaribio, ni nzuri kuliko maneno ya mtu yeyote: fungua mfereji mmoja kidogo na uangalie mkono wa geji. Ukishuka taratibu kutoka 2.8 mpaka 1.4 alafu pampu ikawaka, uko sawa kabisa. Pampu ikiwaka mara moja kabla hata ujaze kikombe, upepo ni mdogo ama mpira umeisha. Na mkono ukishuka vizuri alafu ghafla ukaanguka kwa sifuri, maji yakakatika kidogo ndio pampu ikawaka, upepo umezidi, toa kiasi. Kwa hizo namba tangi ya lita 24 inakupa maji kama lita 8 kabla pampu iwake, yaani mtu akivuta choo mara moja pampu itawaka, hiyo ni kawaida, usifikirie imeharibika. Rudia kila miezi 6, na uandike namba kwa ukuta na maka peni hapo karibu na pampu ili hata ukihama mwenye anakuja ajue.

Ukitaka kubadilisha presha yenyewe, ni kwa swichi, na hapa tafadhali sana zima breka na uhakikishe na testa, juu chini ya hicho kifuniko kuna volti 240 ziko wazi karibu na mikono yako. Nati ya springi kubwa inapandisha ama kushusha zote mbili, kuwaka na kuzima. Nati ndogo inabadilisha tofauti kati yao. Zungusha nusu raundi, rudisha kifuniko, washa, soma geji. Na usipandishe presha ya kuzima kuliko nguvu ya pampu, juu haitawahi kufika, itakimbia bila kuzima mpaka iungue. Ukipandisha ya kuwaka, rudi uongeze upepo pia, watu wanasahau hii.

Kuna wale wako na kile kifaa cha elektroniki cha kuwasha na kuzima pampu badala ya presha tangi na swichi yake. Chenyewe mara nyingi kinawaka karibu bar 1.5, na kwa hivyo kama kimewekwa chini na mfereji wa juu kabisa uko zaidi ya mita 15 kutoka hapo, uzito wa maji yaliyosimama kwa paipu peke yake unazidi hiyo bar 1.5 na pampu haitawaka hata ufungue namna gani. Kwa mafleti marefu hii inasumbua sana. Ama pampu ipelekwe juu karibu na tangi, ama utumie swichi ya kurekebishwa.

Na kama pampu yako inavuta kutoka kwa tangi ya chini ya ardhi ama kisima, kumbuka tuko karibu mita 1,800 juu ya bahari. Pampu haivuti maji hasa, ni hewa ya nje inayasukuma, na hewa ya Nairobi ni kama bar 0.82 wakati Mombasa ni karibu bar 1. Boksi ikisema inavuta mita 8, hiyo imepimwa usawa wa bahari, hapa usipange kupita mita 6. Na usiunganishe pampu moja kwa moja kwa paipu ya kaunti, inanyonya uchafu kupitia kila mahali paipu imepasuka na inaacha majirani bila maji. Jaza tangi kwanza, pampu ivute kutoka kwa tangi.

Sasa maji moto, na hapa presha inaacha kuwa mambo ya raha na inakuwa ya usalama. Maji yakipata moto yanavimba. Hita ya lita 200 ikitoka digrii 20 ikafika 60 inaongeza karibu lita 3 za maji, na hizo lita 3 lazima ziende mahali. Kama kuna nonritani, vali ya kupitisha maji upande mmoja tu, imefunga nyuma, haziwezi kurudi kwa laini, presha inapanda, na kile kivalvu cha usalama kinadondosha. Kwa hivyo kudondosha kidogo wakati hita inapasha ni kazi yake. Kisichokuwa kawaida ni kuvuja mchana na usiku hata maji yakiwa baridi, hapo ama presha ya nyumba imezidi ama kivalvu kina uchafu. Inua kale kamkono kake mara moja kwa mwezi maji yapite, na usiwahi, usiwahi kabisa kukiziba ati juu kinaharibu rangi ya ukuta. Weka paipu ya kupeleka hayo maji nje. Presha ya kufungulia imechapishwa kwa mwili wake, nyingi ni bar 6 ama 8, pampu yako izime chini sana ya hiyo.

Sola ya wazi, ile ya machupa ya glasi yenye iko na katangi kadogo ka kuilisha juu na kapaipu ka kupumua, haifai kabisa kuunganishwa na pampu moja kwa moja. Tangi yake haikutengenezwa kushika presha, itavimba ama itapasuka kwa maungio. Ukitaka nguvu kwa hiyo, pampu ndogo ya maji moto inakaa baada ya sola, kwa njia ya kutoka, na iwe imeandikwa inavumilia joto.

Kuna nyumba chache huku Limuru na Karen ziko na boila ya kupasha nyumba joto na paipu chini ya sakafu ama radieta, na wengi wetu tuko na ndugu Uingereza ambao wanapigia simu nyumbani wakiuliza kwa nini boila imezima. Hiyo ni laini iliyofungwa, maji ni yaleyale yanazunguka, na inataka bar 1 hadi 1.5 ikiwa baridi. Ikipata moto inapanda mpaka karibu 2, na ikifika 3 valvu ya usalama inafungua. Ikishuka chini sana boila inakataa kuwaka. Unaongeza maji kupitia ile paipu ya kujazia, boila ikiwa imezima na imepoa, unafungua pole pole macho yakiwa kwa geji, unafunga vali zote mbili geji ikifika 1.2 hivi. Ikihitaji kuongezwa kila wiki kuna mahali inavuja. Na ikiwa 1 baridi alafu inaruka mpaka 3 ikipata moto, angalia upepo wa tangi yake ya upanuzi, kanuni ni ileile ya tangi nyekundu ya pampu, pima wakati presha ya maji imetolewa. Mambo ya gesi yenyewe ndani ya boila yaachie mwenye leseni.

Maji ya rasheni pia yana tabia yake. Maji mengi ya mji yanatoka Ndakaini kule Murang'a, na mtaa ukikaa siku kadhaa bila, paipu zinajaa hewa na maji ya kwanza yakirudi ni ya rangi ya chai ya rangi. Yamwage kwa mfereji wa nje kabla ya kufungulia tangi, na osha filta siku hiyohiyo. Weka swichi ya floti, ile inaelea kwa maji, kwa tangi ya chini ili pampu izime yenyewe maji yakiisha, pampu ikikimbia kavu sili yake inaungua kwa dakika chache. Na kwa sababu ya stima kupotea, nyumba yenye tangi ya juu iwe na njia ya pembeni yenye nonritani inayopita pampu, presha itakuwa ndogo lakini hamtakosa maji.

Mwisho, kama pampu inawaka usiku na hakuna mtu ameamka, kuna mahali panavuja. Kabla ya kulala acha ijaze izime, zima stima yake, soma geji, lala, soma asubuhi. Ikiwa imeshuka, rudia usiku wa pili ukiwa umefunga vali za vyoo vyote. Ikikaa palepale basi ni choo, na kujua ni kipi tia rangi ya keki kwa tangi la choo, ukiona rangi kwa bakuli bila mtu kuvuta, badilisha ile raba ya chini, ni ya bei ya chini kuliko kitu chochote kingine nimetaja hapa.